Historia ya Joakim Malimi, Fundi Aliyesoma Oili kwa Pamba

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Somanda, mafundi waliofanya kazi na marehemu, na nyote mlioacha palizi mkaja kukaa nasi siku hizi nne, familia inawaomba mtusikilize kwa utulivu wakati maisha ya mpendwa wetu yanaposomwa. Tarehe zilizomo humu nyingi amezitaja yeye mwenyewe akiwa kitandani mwezi Januari, na zile alizokuwa na shaka nazo zimetafutwa kwenye vyeti, kwenye kadi za hospitali na kwenye daftari la ubatizo, kwa kuwa aliagiza historia yake isisomwe ikiwa na tarehe hata moja ya kukisia, na sababu ya agizo hilo mtaisikia kabla hatujafika mwisho.

Marehemu Joakim Malimi alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika kijiji cha Mkula, ambacho leo kimo Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa Mzee Malimi Bujiku na Bibi Milembe, waliokuwa wakulima wa pamba na wafugaji, na alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huo huo, tarehe 28 Machi. Alianza shule mwaka 1958, akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga ndama, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, na waliosoma naye wanasimulia kwamba hakuwa mwenye mwandiko mzuri wala mbio za hesabu, ila alikuwa na swali moja lililowachosha walimu wote, kwamba kila alipoambiwa jambo aliuliza, "Mwalimu, umejuaje?", na kwa swali hilo alichapwa mara nyingi kuliko kwa kosa lolote jingine.

Mwezi Juni 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake ikiwa ni kupaka grisi na kubadili oili za mashine, na huko ndiko alikojifunza jambo lililomjengea jina. Kiwandani hapakuwa na matambara, lakini pamba nyeupe ilikuwa kila mahali, sakafuni, dirishani, hata kwenye nywele za watu, basi mafundi walifutia mikono kwa pamba, naye akaanza kugundua kwamba oili chafu ikidondoshewa pamba husema zaidi kuliko ikiwa ndani ya kopo, kwa kuwa uzito wake hubaki katikati, wepesi wake husambaa pembeni, na kama mna kitu kinachong'aa, hukaa juu ya nyuzi kama vumbi la fedha. Kwa miaka saba aliweka mabonge ya pamba ya kila mashine kwenye rafu, akiandika tarehe kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha boksi, na mashine ilipoharibika alirudi kutazama pamba zake za nyuma, ili ajue ilianza kuumwa lini.

Tarehe 3 Oktoba 1977 alihamia karakana ya wilaya hapa Bariadi, akakabidhiwa pikipiki za mabwana shamba, na alizitunza katika ile miaka migumu ambayo vijana wa leo huidhania ni hadithi, miaka ambayo oili mpya haikuonekana dukani, ile ya zamani ikachujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye injini. Ilipofika tarehe 30 Juni 1995 alipunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na mmoja, na wengi wao walirudi vijijini, lakini yeye alirudi nyumbani akala, akalala, na asubuhi yake akaanza kutafuta mabati. Jumatatu tarehe 4 Septemba 1995 alifungua karakana yake hapa Somanda, upande wa pili wa barabara iendayo hospitali, akiwa na sanduku moja la spana, bakuli jeupe la bati ambalo mke wake, mama yetu, alikuwa akikandia unga, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.

Katika maisha ya ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Felisita, binti wa Lamadi, tarehe 24 Agosti 1974, na mama yetu yupo hapa, ameomba isomwe kwamba bakuli lile hakulitoa kwa hiari, liliibwa, naye alilidai kwa miaka minane. Mungu aliwajalia watoto watatu, Marcelo aliyezaliwa mwaka 1975, Klementina mwaka 1978, na Goodness mwaka 1981, na wote watatu walisomeshwa kwa mikono iliyokuwa na weusi kwenye kucha hata siku ya Krismasi.

Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia kila kijiji, pikipiki zikajaa mjini, na oili zikaja za kila rangi katika makopo mazuri, nyingine njema, nyingine ni oili chakavu iliyochemshwa na kufungwa upya. Watu walinunua pikipiki kama walivyokuwa wakinunua ng'ombe, kwa kutazama pembe, yaani taa na rangi ya tangi, na marehemu alikuwa akiwaambia kwamba pikipiki haitazamwi usoni, hutazamwa kwenye kile inachotoa. Alifundisha kwamba oili kuwa nyeusi si ugonjwa, maana kazi yake ni kuosha, na injini ambayo oili yake haibadiliki rangi ndiyo ya kutilia shaka. Kwamba oili nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji. Kwamba oili nyepesi inayonuka petroli inatoka kwenye injini ambayo petroli inavuja ndani yake. Kwamba ukiisugua kati ya vidole ikakwaruza, chujio la hewa limekufa na injini inakula vumbi la barabara. Na kwamba vumbi linalong'aa lazima lipimwe kwa sumaku, likishikwa ni chuma, yaani beringi au gia, lisiposhikwa huenda ni pistoni.

Sasa, sisi ni Wasukuma, na kila mtu hapa anajua nani hutazama ndani ya kitu kilichofunguliwa akakuambia yajayo. Kama mfumu anavyompasua kuku akasoma matumbo yake, watu walimwona marehemu ameinamia bakuli, kimya, ana pamba mkononi, wakampa jina la Mfumu wa Oili. Mtu mmoja alitoka Lamadi na chupa ya soda imejaa oili, pikipiki kaiacha nyumbani, akataka aambiwe ni jirani gani aliyeiroga, na marehemu akanusa, akamjibu, "Aliyeiroga amevaa shati lako, hujabadili oili tangu Pasaka." Katekista naye alimwita faraghani akamwuliza kama ni kweli anapiga ramli, naye akamwomba tu alete pikipiki ya parokia, na oili ilipotoka nyeupe kama chai ya maziwa, katekista mwenyewe akakiri, kabla hajaulizwa, kwamba wiki ile alivuka mto umejaa kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi ubwabwa wa kipaimara. Marehemu alicheka pamoja nao, na kwa miaka miwili jina lile aliliacha limwitie wateja, na hilo, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa kosa lake la kwanza.

Kosa la pili lilitokea Jumatatu, tarehe 14 Julai 1997. Msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa, na Bwana Muksini, mfanyabiashara wetu wa hapa mjini ambaye yupo nasi leo na ameridhia jambo hili lisomwe, alileta pikipiki ibadilishwe oili haraka ili karani wake awahi kufungua mzani Mkula kabla ya kampuni nyingine. Oili ilipomwagwa, pamba ilitoka iking'aa, sumaku ikanyanyua ndevu nyembamba za chuma, na marehemu akasema pikipiki ilale siku mbili afungue injini. Bwana Muksini akamwambia, "Fundi, mimi nimekuja kumwaga oili, sikuleta kuku," watu wakaangua kicheko, na marehemu, akiwa ameudhika na huku naye anacheka, akajibu mbele ya wote, "Haya, ichukue, lakini hii haifiki Mkula," akatia oili mpya, akafunga nati, akaosha mikono.

Karani aliyeipanda alikuwa Mayala, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa pekee wa Mama Minza wa mtaa huu. Nusu ya njia, kwenye barabara ya Lamadi, kabla hajafika Mkula, injini ilikaza ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, Mayala akarushwa kwenye changarawe, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili.

Kabla jua halijatua mji mzima ulikuwa na maneno ya marehemu mdomoni, ila yalikuwa yamegeuka, kwamba hakusema haifiki, alisema isifike. Kesho yake Mama Minza alikuja karakana akifuatana na wanawake sita, akasimama barabarani bila kuvuka, akasema kwa sauti ambayo hata wagonjwa hospitalini waliisikia, "Ng'wana Malimi, ulijuaje? Mtu anajuaje ajali haijatokea, kama si yeye aliyeipika?" Marehemu alitusimulia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali lile, yeye ndiye aliyekuwa akiliuliza, na alipotafuta jibu akakuta kwamba analo bakulini lakini hana la mdomoni ambalo mama mwenye mtoto wodini angelisikiliza.

Wateja waliacha kuja. Nani aliandika neno kwenye mlango wa karakana hatutasema, wala neno lenyewe halifai kusomwa mbele ya Padri. Wiki ya pili baraza la sungusungu lilimwita, na ndugu zake wakamshauri ahame kimya kimya aende Mkula, kama wengine walivyofanya, lakini yeye alisema mtu akihama amekiri, akaomba baraza jambo moja, kwamba pikipiki ile iletwe kama ilivyookotwa, injini haijaguswa, na ifunguliwe hadharani siku ya mnada.

Tarehe 2 Agosti 1997, mbele ya watu waliokuja kuuza ng'ombe na wengi zaidi waliokuja kumwona mchawi, aliweka bakuli jeupe juu ya meza, akaomba wazee wachague wenyewe pamba kutoka gunia lolote mnadani, ili isisemwe kwamba yake ina dawa. Alimwaga oili, akampa mwenyekiti wa baraza sumaku ashike kwa mkono wake, mwenyekiti akaitumbukiza kama anayegusa nyoka, ikatoka na manyoya ya chuma, ndipo injini ikafunguliwa, na beringi ikatoka vipande vitatu, kimoja kimeliwa kikawa chembamba kama ukucha. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hiyo umeshaijua, tusomee ya kwangu!", basi wakaleta pikipiki tatu nyingine walizozichagua wao, naye akasema ya kwanza inavuta vumbi, wakafungua wakakuta chujio limechanika, ya pili ina maji, na mwenyewe akainamisha kichwa maana alikuwa akiiosha mtoni kwa kuilaza ubavu, na ya tatu akasema ni nzima, irudi kazini, na hiyo ya tatu ndiyo iliyowatuliza watu, maana walisema mchawi hawezi kuacha kitu kizima.

 Mwishoni Mama Minza alisogea mezani, akachukua pamba, akaigeuza mpaka vidole vyake vikawa vyeusi, akasema, "Kumbe ilikuwa inasema." Kisha akamtazama marehemu, akamwuliza bila hasira, "Sasa mbona hukumwonyesha mwanangu?"

Baraza lilimfutia marehemu tuhuma siku ile ile, mwenyekiti akampa mkono, na watu wakashangilia, lakini yeye alirudi nyumbani kama aliyeshindwa, kwa sababu swali la pili la Mama Minza hakuwa na jibu lake hata bakulini. Alikuwa amemwambia mwenye pikipiki, hakumwambia mwenye kuipanda, na alichosema alikisema kwa mzaha wa kubashiri, akataka aaminiwe kwa jina lake badala ya kumshikisha mtu pamba. Tangu siku ile hakuna pikipiki iliyotoka karakana ya Joakim Malimi kabla yule atakayeipanda hajashika pamba mwenyewe na kuitazama juani mwenyewe, awe padri, awe mkuu wa idara, awe mwizi, na aliyekataa alirudishiwa ufunguo pikipiki ikiwa haina oili ndani, aisukume. Wengi wenu mmewahi kugombana naye kwa jambo hilo, na wengi wenu mko hapa mnatembea kwa miguu miwili.

Mwezi Februari 1998, Mayala alipoacha magongo, marehemu alikwenda kwa Mama Minza akiongozana na mama yetu, akaomba kijana aje ajifunze kazi, na Mama Minza akajibu, "Mchukue, lakini na yeye umwonyeshe kila kitu." Alionyeshwa kila kitu kwa miaka sita, na leo anayekuambia pikipiki yako inaumwa nini hapa Somanda ni Mayala.

Tunakuja sasa kwenye ugonjwa, na hapa familia inaomba utulivu kuliko mahali pengine popote.

Tarehe 5 Julai 2003, siku ya Jumamosi, Mayala alifunga ndoa, na sherehe ilifanyika nyumbani kwa Mama Minza, marehemu akiwa mgeni wa heshima, akala na kunywa kama wengine. Kuanzia mwezi Agosti ilionekana wazi kwamba hawezi kumeza ugali, na yakaanza maneno, ambayo tangu Jumatano alipofariki yamerudi, tena yamefika hadi kwenye msiba huu, jikoni na kwenye maturubai ya wanaume, kwamba alilishwa kitu harusini, kwamba mama yule hakusahau mguu wa mwanawe, alisubiri miaka sita. Tunajua wazi, na hatutajifanya hatujui, maneno ya namna hii huishia wapi katika nchi yetu hii ya Usukuma, yanaishia kwenye mlango wa bibi kizee anayelala peke yake.

Marehemu aliyasikia akiwa hai. Kwa hiyo, kwa agizo lake, zisikilizeni tarehe hizi. Kadi ya zahanati yenye jina lake imeandikwa siku ya Jumatatu, tarehe 26 Mei 2003, na maneno ya mganga yaliyoandikwa humo ni kwamba mgonjwa anakwamwa na chakula kooni kwa muda wa majuma matatu, na tarehe hiyo ni siku arobaini kabla ya harusi. Alificha kadi ile kwenye sanduku la spana, hakutuambia, akaendelea kumeza kwa maji, na alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema kwamba fundi naye huendesha pikipiki yake mbovu mpaka ikaze. Tarehe 8 Septemba 2003 alipokelewa katika hospitali yetu ya wilaya, tarehe 22 Septemba akapelekwa Mwanza, akanyweshwa dawa nyeupe na kupigwa picha, na tarehe 3 Oktoba kipande cha nyama kilichopimwa kikaonyesha saratani ya koo la chakula, iliyokuwa imeshasambaa.

Ndugu wengine, kwa mapenzi mema, walikwisha kutafuta kuku wa kwenda kutazamia. Marehemu alimwomba daktari amwonyeshe ile picha, daktari akaiweka kwenye taa, naye akafuata kwa kidole njia nyeupe ya dawa mpaka pale inapobanwa kuwa uzi, akasema, "Sasa nimeona. Bomba limeziba hapa, na limeanza kuziba zamani." Akawageukia ndugu zake akawaambia kuku yule apikwe mchuzi, wamle wao, maana yeye hawezi kumeza nyama.

Miezi minne ya mwisho Mama Minza ndiye aliyekuwa akimkorogea uji mwepesi wa ulezi na kumletea kila asubuhi, na alipoanza kusita kwa sababu ya macho ya watu, marehemu alimtuma Mayala akamwambie kwamba uji wa mtu mwingine haushuki. Aliunywa mbele ya mlango, barabarani watu wanapita, makusudi. Alifariki nyumbani, siku ya Jumatano tarehe 11 Februari 2004, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano na miezi kumi na mmoja, mama yetu ameshika mkono wake wa kulia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na agizo moja. Vifaa vya mfumu, kama mnavyojua, hurithiwa kwa ndoto, lakini yeye alisema vya kwake virithiwe kwa kujifunza, kwa hiyo sumaku na sanduku la spana ni vya Mayala kuanzia leo, na bakuli jeupe linarudi kwa mama Felisita, kama alivyolidai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Somanda na wa Mwanza waliomwambia ukweli kila alipouuliza, Paroko na jumuiya kwa sakramenti na sala, wenzake wa kiwandani na wa karakana ya wilaya waliosafiri kutoka mbali, Bwana Muksini aliyetoa gari la kumrudisha nyumbani na kukubali kutajwa, na majirani wote kwa kuni, maji na mikesha. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mama Minza, ambaye amekaa pale kwenye mkeka wa kwanza, kando ya mjane, kwa kuwa marehemu ndiye aliyechagua mahali pake, na yeyote atakayemnyanyulia mkono, au hata mdomo, ajue anamnyanyulia mtu wa nyumba hii. Wabeja, asante sana.

Kadi ya tarehe 26 Mei na picha ya Mwanza ziko juu ya meza ile, karibu na jeneza, na upande huu jua bado lipo. Hatuwaombi mtuamini. Kabla ya kuaga, kila mmoja apite mezani, ashike mwenyewe, ainue juu, atazame mwenyewe, kama alivyowafanya mfanye kila mlipotaka kuondoka kwenye karakana yake.

Fundi, umeonyesha vya kutosha. Pumzika kwa amani.